Siku tano za mafunzo ya sera kwa vijana: nilivyoyaona mimi

Vijana watatu wa mtaani kwetu Likoni, hapa Mombasa, wameshaniuliza kama yale mafunzo ya kimataifa ya sera yanafaa kuombwa. Naandika hapa mara moja nisirudie tena. Yanafaa, ila si kwa yale mambo yaliyoandikwa kwenye tangazo.

Tulikuwa kama thelathini, hotelini upande wa Nyali: Wakenya, Watanzania, Waganda, Warundi, na Wajerumani wawili waliopendana na madafu tangu siku ya kwanza. Wageni walilala hapohapo. Sisi wenyeji tuliambiwa tutoke makwetu, kwa hivyo saa kumi na moja na nusu alfajiri mimi niko feri, halafu matatu mbili, nafika nimeshatota jasho na mwenzangu wa Kampala ndio kwanza anatoka kuogelea. Ukiomba, uliza mapema habari ya malazi. Usione haya.

Siku ya kwanza ni hotuba na kurushiana mpira tujuane majina. Ya pili ilichangamka tulipofika swali la kijana ni nani. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unasema miaka 15 hadi 35. Katiba yetu, Ibara ya 260, inataka uwe umefika 18 na hujafika 35. Umoja wa Mataifa kwenye takwimu zake unahesabu 15 hadi 24, lakini Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama, lile la Desemba 2015 kuhusu vijana na amani, linasema 18 hadi 29. Mimi nina 34. Kwa hesabu moja nilizeeka karibu miaka kumi iliyopita, kwa nyingine ninao muda kidogo. Tulicheka, kisha Mrundi mmoja akauliza: mfuko wa fedha za vijana ukifunguliwa, hesabu ipi itatumika mlangoni? Kicheko kikakatika.

Siku ya tatu ndiyo iliyonilipa. Mwezeshaji, mama mmoja kutoka Dodoma, alituambia kila mtu aandike ombi lake la sera kwa sentensi moja, na kwa lugha anayoiota usiku. Mpaka hapo makaratasi yote yalikuwa ya Kiingereza na wengi tulikuwa tunaitikia kwa kichwa tu. Nikaandika, tena kwa kujiamini: "Vijana wawezeshwe na usalama uimarishwe kwa kuwekwa taa barabarani." Alichukua kalamu nyekundu akazungushia maneno matatu: wawezeshwe, uimarishwe, kuwekwa.

"Na nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu.

"Vitenzi vyako vyote vimemficha mtu. Mtoe nje tumwone."

Tukafungua Jedwali la Nne la Katiba, lile linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Taa za barabarani ni kazi ya serikali ya kaunti. Na sisi wa kikundi chetu cha mtaani miaka miwili tulikuwa tukiandika barua kwa ofisi isiyohusika kabisa, tukishangaa mbona hatujibiwi. Kisha akatuchorea ukutani kalenda ya bajeti ya kaunti: mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kikundi chetu hujitokeza na mabango mwezi wa Juni. Yaani tumekuwa tukifika karamuni watu wanaosha masufuria.

Jioni ile niliposhuka feri nilipita njia yetu nikihesabu nguzo, kutoka kituo cha matatu hadi msikitini. Kumi na moja. Nimeipita njia ile tangu nikiwa mdogo, sikuwahi kuzihesabu. Asubuhi nikaiandika upya ile sentensi yangu: idara ya kaunti inayohusika na taa iweke taa kwenye nguzo kumi na moja kati ya kituo na msikiti, na gharama yake iingie kwenye mpango wa mwaka kabla ya 1 Septemba. Mama akaisoma mara mbili. "Sasa huyu ukimkosa ofisini unajua umemkosa nani."

Siku mbili zilizobaki zilienda haraka. Kipindi cha mitandao ya kijamii kingeweza kuondolewa nisijue. Chakula kizuri, ingawa ilitubidi tuombe hadi siku ya nne ndipo tukaletewa mahamri na mbaazi badala ya biskuti za pakiti. Mombasa hii jamani!

Kama unatafuta cheti na picha, utavipata, lakini utachoka bure. Kama una jambo moja la mtaani kwenu linalokukera, nenda nalo likiwa limeandikwa, hata vibaya.

Kero yangu kubwa ni nauli. Waandaaji walituahidi tungerudishiwa ndani ya wiki. Ya kwangu iliingia kwenye simu wiki ya tatu, pungufu ya shilingi mia sita, na ujumbe mfupi: "Kiasi kimerekebishwa."

Nikawajibu kwa maneno mawili: "Na nani?"