Wikendi na Peugeot 504 kwenye njia ya mbio nisiyoijua, Mwanza

Kiingilio ni shilingi 180,000, gari moja dereva mmoja. Nimeanza na hilo kwa sababu kila niliyemwambia nimekwenda Mwanza kukimbiza gari la zamani aliuliza bei kwanza, hali yangu baadaye. Kwa pesa hiyo unapata Jumamosi ya mazoezi, Jumapili ya mashindano, namba ya kubandika mlangoni, chakula cha mchana siku zote mbili na mahali pa kulaza gari. Mafuta, matairi na uti wa mgongo ni juu yako.

Gari langu ni Peugeot 504 ya mwaka 1976, saluni, injini ya cc 1,796, kabureta moja ya Solex. Limenifikia kutoka kwa baba mdogo, aliyelifanyisha teksi Morogoro miaka mingi na hajui hadi leo kwamba kiti cha nyuma nimekitoa. Ndani nimefunga fremu ya mabomba, mkanda wa mabegani na kizimamoto. Mengine yote ni ya kiwandani. Sina lori la kulibebea, gari la mashindano ndilo hilo hilo la safari. Kwa hiyo Alhamisi alfajiri tuliondoka Dar, mimi na fundi wangu, mzee wa Gerezani aliyeanza kufungua injini za Peugeot kabla mimi sijazaliwa. Tukalala Singida. Ijumaa tukakata Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga, na jua linazama tukawa Mwanza. Zaidi ya kilomita 1,100.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na lilianzia njiani. Tangu Dodoma gari lilikuwa zito. Singida likazidi: nakanyaga, linakohoa kwanza, ndipo linaondoka. Nikasema ni mzigo, maana tulikuwa na matairi mawili ya akiba, sanduku la spea, jeki na dumu la maji. Mzee akashuka kituo cha mafuta, akainama nyuma ya ekzosi, akanusa. "Mwanangu, hili linashiba mafuta lakini halina pumzi," akasema. Nikampuuza. Nilitaka kufika.

Ijumaa usiku tulikula sato wa kukaanga Kirumba na baadhi ya washindani. Pale ndipo nilipokutana na mwenye Datsun 160J nyekundu, mtu wa Mwanza, mcheshi, mdomo hauchoki. Kusikia nina 504 akaanza. Nikamwambia 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, Ove Andersson akiwa usukani, ikarudia 1978. Akacheka. "Ile ya 1978 ilikuwa kupe, ya milango miwili, injini ya V6, kaka, siyo teksi kama yako." Akaanza kuhesabu kwa vidole: Datsun 1970, 1971, 1973, halafu Shekhar Mehta minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Saba. Mzee akaweka mwiba wa samaki pembeni, taratibu, akamkumbusha Peugeot 404: 1963, 1966, 1967, 1968. Na ile ya 1966 na 1967 ni ya Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Tanzania. Jumla Peugeot sita. "Saba kwa sita," akasema yule wa Datsun, "kesho tutaongeza." Bili akalipa yeye, kwa hiyo nilimsamehe.

Njia yenyewe iko nje ya mji, upande wa Kisesa ukielekea Magu, si mbali na Ghuba ya Speke. Ni mzunguko wa kilomita 2.8 uliochongwa kwa greda katikati ya mawe, yale mawe makubwa ya Mwanza yaliyopandana kama magunia ghalani. Hakuna lami hata hatua moja. Kona kumi na moja. Ukitazama ramani waliyotugawia, karatasi iliyotolewa nakala mpaka mistari ikafifia, unaona kitu kama ndala iliyokanyagwa. Ramani haisemi kwamba baada ya kona ya nne kuna tuta ambalo ukilipanda huoni kitu ila mbingu, wala haisemi kwamba ukishavuka njia inakunja kushoto mara moja.

Jumamosi maelezo ya madereva yalipangwa saa mbili asubuhi. Yalianza saa nne. Sababu ni kwamba gari la wagonjwa lilichelewa, na mkuu wa mashindano alikataa injini hata moja kuwashwa kwenye njia kabla halijafika. Wengi walinung'unika. Mimi nampa heshima yake. Huduma mbovu nyingine nitazisema, lakini kwa hili hawakuyumba.

Mizunguko yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Tulikuwa tunatoka mmoja mmoja kushindana na saa. Datsun ikazunguka kwa dakika 2 na sekunde 31. Mimi 2 na 58. Kuna Corolla ya watu iliyokuja na kibebeo cha mizigo bado kiko juu ya paa, nayo ilinishinda. Kila nikifika kwenye tuta mguu unaachia mafuta wenyewe, hata nisipotaka, na nikitaka kuondoka tena gari linakohoa.

Nikarudi kwenye kivuli, nikakaa juu ya tairi. Mzee hakusema "nilikuambia". Alifungua plagi ya kwanza akaniwekea kiganjani. Nyeusi, masizi makavu kama ya sufuria ya kuni. Ya pili vile vile, zote nne. Akanieleza kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu: kabureta ya gari hili imepangwa Dar, usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko karibu mita 1,134 juu ya bahari, na sisi tuko juu kidogo ya ziwa. Hewa ya hapa ni nyepesi, karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu inapotea hata ufanye nini. Lakini jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, haijui kuwa imehama mkoa, inamwaga petroli kama iko Kariakoo. Hewa imepungua, mafuta yamebaki yale yale, ndiyo masizi. Na Singida ni juu zaidi ya Mwanza, ndiyo maana kule lilikohoa zaidi.

Jeti ndogo hatukuwa nayo. Jumamosi mchana, Kisesa, jeti ya Solex ungeitafutia wapi? Mzee akachomoa kipande cha waya wa umeme, akauchuna kwa meno, akatenganisha uzi mmoja wa shaba mwembamba kama unywele. Akaupitisha kwenye tundu la jeti kuu, akaukunja pande zote mbili ili usivutwe ndani, akafunga. Tundu lile lile, nafasi pungufu. Kisha akalegeza distribyuta, inayopanga wakati wa cheche za plagi, akaisogeza kidogo sana, akaniambia niwashe, akasikiliza na kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akakaza.

Baada ya mizunguko mitatu tukafungua plagi tena. Rangi ya biskuti. Muda ukawa 2 na 44.

Zile sekunde zilizobaki hazikuwa za injini, zilikuwa za woga wangu kwenye tuta. Na hapa ndipo ningewashauri waandaaji: wape watu saa moja ya kutembea njia kwa miguu kabla ya kuendesha. Hawakutoa. Mwenye Datsun anaifahamu, amekwishafanya mazoezi pale mara nyingi. Sisi wageni tulitupwa majini.

Jioni njia ilipofungwa nilimwona kijana wa bodaboda akipita katikati yake na mama mmoja nyuma, kikapu cha dagaa mapajani, bila wasiwasi. Nikamsimamisha aliporudi. Kumbe kabla ya greda kupita, sehemu kubwa ya mzunguko ule ilikuwa njia yake ya mkato kwenda mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki. Nikampa elfu tano anizungushe polepole mara tatu.

Sijawahi kutumia elfu tano vizuri hivyo. Kijana alikuwa anaijua ardhi kwa majina. "Hapa juu ni luseni, mkuu," akasema, akimaanisha ule mchanga mweupe wa juu. "Breki inashika, ila ukikata kona kwa ghafla inakumwaga. Kule chini ni mbuga." Mbuga ni ule udongo mweusi. Mkavu una nyufa na ni mgumu kama sakafu, lakini maji yakiugusa unageuka sabuni. Akanionyesha mahali hasa luseni inapokwisha na mbuga inapoanza, kwenye kona ya nane, rangi inabadilika ndani ya hatua mbili. Sikuwa nimeiona siku nzima. Kisha tukasimama kabla ya tuta. Upande wa kulia, mbali, kuna jiwe refu limesimama peke yake na kichwa chake ni cheupe kwa mavi ya ndege. "Jiwe likijificha nyuma ya mkuyu, wewe anza kukunja kushoto. Usisubiri kuona njia. Njia iko pale pale, haiendi kokote."

Usiku nililala nikikunja kushoto.

Kuhusu ulinzi wa magari usiku: mlinzi alikuwepo, blanketi lake pia lilikuwepo. Jumapili asubuhi jeki yangu haikuwepo. Nilipowaambia waandaaji niliandikiwa jina kwenye daftari, nikaambiwa nitapigiwa. Simu bado naisubiri.

Alfajiri ya Jumapili mvua ilitoka ziwani. Anayekaa Mwanza hatashangaa, wingu la usiku juu ya ziwa huja kumwagikia nchi kavu kabla watu hawajanywa chai. Ilinyesha muda mfupi kisha jua likawaka kama hakikutokea kitu. Luseni ikanywa maji yake, ikawa bora kuliko jana. Mbuga haikunywa, ikang'aa. Mashindano yakasogezwa hadi saa sita mchana, tukaanza mbio ya kwanza magari saba pamoja, mizunguko sita.

Mbinu yangu ilikuwa moja tu: kazi yote ya breki nimalize juu ya luseni, niingie mbugani gia ya tatu, mguu umetulia, usukani kama nimeshika yai. 504 ina breki za diski mbele na shokapu zenye safari ndefu. Inalala kwenye kona kama mashua ya tanga, abiria wangeomba kushuka, lakini kwenye udongo ule ulaini wake ulikuwa rafiki. Matairi yangu membamba, ambayo Jumamosi yalichekwa, yalikata tope hadi yakaona chini pagumu. Kwenye tuta nililitazama jiwe. Likajificha nyuma ya mkuyu, nikakunja nikiwa sioni kitu, moyo uko kooni, na njia ilikuwa pale pale.

Mzunguko wa tatu Datsun iliyokuwa mbele ilifika kona ya nane kwa mwendo wa jana. Niliona taa za breki zikiwaka juu ya udongo mweusi nikajua. Iliteleza kiubavu, polepole hivi, kwa adabu kabisa, ikavuka ukingo na kuketi katikati ya jaruba la mpunga. Mshika bendera wa kona ile alikuwa na bendera ya njano, lakini aliipeperusha sisi tukiwa tumeshapita. Dereva hakuumia. Kilichoumia ni ratiba, kwa sababu hapakuwa na gari la kuvuta. Siku mbili za mashindano, magari yenye umri wa miaka 40 na zaidi, na hakuna hata trekta! Mwenye jaruba ndiye aliyeleta ng'ombe wake wanne wa jembe na mnyororo. Alitaka elfu ishirini ya kuvuta na nyingine ya mpunga uliolala, akalipwa zote mbili papo hapo, na watazamaji wakashangilia ng'ombe kuliko walivyoshangilia mshindi.

Nilimaliza wa tatu. Mzunguko wangu bora, kwenye tope, ulikuwa 2 na 41. Kwenye karatasi ya matokeo niliandikwa wa tano, kwa kuwa mtunza muda alichanganya namba yangu 17 na 11 ya Corolla. Ilichukua saa nzima, picha kutoka simu za watu watatu na ushahidi wa mwenye Corolla mwenyewe, muungwana yule, mpaka wakarekebisha kwa kalamu. Cheti changu kina alama ya kufutwa.

Chakula hakina lawama. Ugali, sato, mchicha, na mama aliyekuwa anapakua alikuwa anawaita madereva wote "mwanangu" hata wenye mvi. Maji ya kunywa yaliisha saa saba siku zote mbili, njoo na yako. Vyoo ni viwili tu. Mtandao wa simu unashika ukipanda juu ya jiwe karibu na lango.

Mwenye Datsun alikuja kuniaga na tope hadi kwenye nyusi. "Bado saba kwa sita," akasema. Mzee alikuwa chini ya boneti na hakuinua kichwa. Alikuwa anauchomoa ule uzi wa shaba kwenye jeti, akausafisha kwa shati, akabadili mawazo, akaurudisha. "Tutautoa tukiteremka Morogoro," akaniambia. "Singida bado iko mbele yetu."