Impreza WRX na STI za mtumba: ninachokagua kabla ya kulipa

Subaru Impreza WRX na STI za 2000 hadi 2007 bado nazipenda kuliko gari nyingi za bei yake, na Nairobi spea zake zinapatikana bila shida. Ila injini ya EJ20 yenye turbo haivumilii kabisa kukosa oili, na wengi huziuza baada ya kuiua.

Kwa hiyo anza na kijiti cha oili, gari likiwa limepoa na limesimama mahali tambarare. Injini hubeba lita 4 na kidogo tu. Ikipungua lita nzima, kwenye kona kali pampu huvuta hewa, na beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) ndizo hufa kwanza. Halafu washa, usikilize. Mlio wa kugonga unaopotea injini ikipata moto mara nyingi ni pistoni inayocheza ndani ya silinda, na gari huweza kuishi nao miaka. Unaozidi kadiri injini inavyopata moto, hasa ukipandisha hadi mizunguko 3,000 kwa dakika kisha ukaachia, ni beringi. Hapo usijadili bei, ondoka. Kufungua injini, kusaga kranki, kuweka beringi, ringi na gasketi mpya ni laki kadhaa. Injini nyingine ya mtumba nayo huijui ilivyotunzwa.

Jambo linalopuuzwa sana ni petroli. STI ya soko la Japani ilipangwa kwa oktani 100 (kipimo cha petroli kutolipuka kabla ya wakati), na pampu zetu za kawaida hazifiki huko. Turbo ikisukuma kwa nguvu, mchanganyiko wa hewa na petroli hulipuka vibaya, na kingo nyembamba zinazoshika ringi za pistoni hupasuka. Mwambie fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote 4. Moja ikiachwa nyuma sana na wenzake, kuna ufa au ringi zimeisha. Ukiona turbo au ekzosi kubwa kuliko za kiwandani, uliza kompyuta ya injini ilipangwa upya wapi. Asipojibu, mimi silinunui.

Belti ya taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika, valvu hugongana na pistoni. Kama hakuna risiti, weka kwenye bajeti belti, rola, tensha na pampu ya maji kwa pamoja, maana kazi ya kufungua ni ileile.

Mwisho kata usukani wote, zunguka polepole. Likijivuta kwa vishindo, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imechoka, au tairi hazilingani uchakavu. Tairi hununuliwa zote 4 pamoja. Beringi za magurudumu ya nyuma zikivuma barabarani, hiyo ni kazi ndogo. Itumie kushusha bei.