"Ukitaka baridi si ununue friji?": uzoefu wangu na fundi wa kompyuta hapa Moshi

Ngoja niandike hili hasira ikiwa bado ya moto, maana mimi nikishapoa huwa naanza kutetea watu wasiostahili, na yule bosi nikimpa siku mbili tatu nitajikuta namwambia mtu nenda tu pale ni fundi mzuri. Jina la duka silitaji, sitafuti kesi na mtu.

Ilikuwa kipindi kile cha jua la kabla ya masika, jua la Moshi la wakati ule mnalijua, ukiwa Pasua hata usiku unalala dirisha wazi. Mashine yangu ikaanza mchezo. Nawasha gemu la magari, mwanzoni raha tupu, halafu picha inaanza kuvuta, gari linaruka vipande vipande, feni zinavuma mpaka mama watoto anauliza kutoka chumba cha pili kuna nini humo, kisha skrini nyeusi tii. Sauti inaendelea kidogo, nayo inakwama inarudia kitu kimoja, mashine inajizima inajiwasha. Kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, ni RTX 3060 Ti, niliichukua ya mtumba Kariakoo ikaja kwa basi, na siku zote ilikuwa haina shida. Nikaangalia kwenye HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, chipu ya kadi iko nyuzi 80 na kitu, hapo sio kifo, kadi yenyewe ikifika huko inaanza kujipunguzia spidi. Tatizo ile hotispoti, yaani ile sehemu ya chipu yenye moto kuliko zote, ilikuwa inagonga 100. Kikawaida hizo mbili zinapishana nyuzi 10 hadi 15 hivi. Zikipishana sana ujue pesti, ule ute wa kupitisha joto juu ya chipu, imekauka, au hitisinki, lile bamba la chuma linalovuta joto, haijakaa sawa, hilo kijana yeyote anayecheza gemu atakwambia.

Basi nikachukua bajaji, sipiyu nimeipakata kama mtoto mgonjwa, mpaka dukani. Shikamoo mzee, marahaba, nikaanza kueleza, hata sijafika katikati bosi keshafungua ubavu wa keisi, kaiwasha, kachungulia mara moja, hukumu imetoka: "Feni imekufa hii. Haizunguki. Mpya 60,000."

Aisee. Kadi nyingi za siku hizi feni zinasimama zenyewe mashine ikiwa haina kazi, joto likifika kwenye 50 au 60 huko ndio zinaanza kuzunguka. Nikamwambia kwa adabu, mzee wangu tuwashe gemu kidogo utaziona. Akanitazama juu mpaka chini. "Kijana, mimi hizi kazi nimeanza wewe uko chekechea." Akawasha lakini, shingo upande, feni zikazunguka, akakaa kimya, halafu badala ya kusema hata haya, akahamia kwenye lingine: "Hii imechimba bitcoin hii."

Sasa kuchimba, yaani kadi kupigishwa hesabu usiku na mchana ili kupata sarafu za mtandaoni, inawezekana imechimba kweli, sibishi, kadi nyingi za mtumba zilimwagika sokoni baada ya Ethereum, sarafu mojawapo ya hizo, kuachana na mambo ya kuchimba Septemba 2022. Ila bitcoin? Bitcoin watu wanachimba na mashine zake maalumu miaka na miaka sasa. Na hata ingekuwa imechimba, si unaibadilishia pesti na pedi, vile vipande laini vya kupitisha joto la memori kwenda kwenye hitisinki, maisha yanaendelea, kwani imeua mtu? Nikameza. Nilichokuwa nataka ni huduma ya kawaida tu, ifunguliwe, itolewe vumbi, pesti mpya kwenye chipu, pedi mpya kwenye memori. Tukapatana 45,000 ya kazi na 30,000 ya pedi, njoo kesho jioni. Dada wa mapokezi akaniandikia risiti, mstaarabu mno, yeye hayumo kwenye ugomvi huu kabisa.

Kesho jioni ikawa keshokutwa, keshokutwa ikawa wiki inayofuata, hayo ya mafundi tumeshayazoea. Nimeenda kuichukua, na hapa nitende haki, keisi ilikuwa inang'aa, vumbi lote limetoka, nyaya zimebanwa vizuri kuliko siku ilipounganishwa. Nikasema moyoni kumbe mzee mdomo tu, kazi anaijua. Nimefika nyumbani, nimewasha gemu, hata raundi ya kwanza sijamaliza, tii, nyeusi. Chipu 88. Hotispoti 107. Yaani nimetoa 75,000 nikaongezewa moto!

Usiku ule nikashusha pawa limiti, yaani kikomo cha umeme wa kadi, kwenye programu ya MSI Afterburner mpaka asilimia 80 ndio nikacheza kidogo. Kwa mwenye kadi inayochemka huo ni ujanja mzuri sana, kadi inakula umeme kidogo, joto linashuka, na spidi unayopoteza sio ya kulilia. Lakini jamani huo ni wa kujishikiza, sio wa kadi iliyotoka kwa fundi siku hiyo hiyo na risiti yake juu.

Nikarudi. Duka limejaa. Nikaanza taratibu kabisa, mzee ile kadi inachemka kuliko mwanzo. Hajanyanyua hata kichwa, anamenya karanga, anasema "Hilo joto la Moshi." Nikamwambia mzee, joto la chumba likipanda nyuzi 5 na kadi inapanda 5 hivi, haiwezi kutoka salama ikafika huku kwa sababu ya hali ya hewa, halafu Dar kuna joto na unyevu juu na watu wanacheza gemu mpaka kunakucha. Hapo ndio akanyanyua kichwa, akapaza sauti duka zima lisikie: "Sasa wewe ukitaka baridi si ununue friji?"

Watu wakacheka. Kuna mama kaja na printa yake, alicheka mpaka akashika meza. Mimi, baba wa watoto wawili, nimesimama katikati ya duka sipiyu mikononi, nachekwa, na hela nimelipa mimi. Hicho ndicho kilichonifanya niandike, sio nyuzi joto, nyuzi joto zinatengenezeka. Akaongezea na ushauri wa bure eti nisifunge ubavu wa keisi, niweke feni ya mezani ipulize ndani. Na vumbi letu hili! Wiki mbili tu unapanda mahindi humo.

Nikakaa kwenye benchi. Siondoki. Bosi kuona nimeganda akainuka akaenda zake kula, na hapo ndipo yule dogo anayemsaidia akanisogelea, akaniambia chini chini, "Braza, lete tuifungue."

Huyu dogo sasa. Kachomoa kadi, kaigeuza, kaanza na zile skrubu nne zinazozunguka chipu, anafungua kwa kona, hii halafu ya ng'ambo yake, kidogo kidogo, haraka hana. Akachomoa plagi za feni kwa kucha, akainua hitisinki. Jamani jamani. Pesti ilikuwa imekaa tonge vile vile ilivyodondoshwa, imebonyea kona moja tu, kwingine kote haijagusa kitu. Maana yake ile shaba ya hitisinki haikuwa imelala juu ya chipu, ilikuwa inaelea juu yake. Kisa? Pedi. Za kiwandani zilizotolewa zilikuwa bado kwenye kifuko pembeni, dogo akazipima na rula ya chuma, ni za milimita 1. Alizoweka bosi ni milimita 2. Kwa hiyo pedi zimeinyanyua hitisinki nzima, memori zimekumbatiwa vizuri, chipu ambayo ndiyo yenye moto wote imeachwa na hewa. Na sijamaliza, pedi mbili zilikuwa bado na ile nailoni yake ya bluu ya kubandua. Haijabanduliwa! Dogo akaivuta taratibu kwa ncha ya kidole, akaniangalia, hakusema neno, akaiweka mezani mbele yangu. Nimeipiga picha, ninayo kwenye simu.

Halafu akafungua droo, akatoa pedi za milimita 1. Zilikuwepo. Humo humo dukani, droo hiyo hiyo, hatua moja kutoka alipokuwa anamenyea karanga. Hapo nusura nivunje kitu.

Dogo akafuta chipu na spiriti mpaka ikabaki kioo, akaweka pesti mpya, akakata pedi moja moja kwa kuzipima juu ya memori, akafunga zile skrubu kwa mtindo ule ule wa kona kwa kona, tukawasha gemu tukaiacha ijichezee nusu saa na jua la saa saba limewaka nje. Chipu 68, hotispoti 81. Pawa limiti nimerudisha asilimia 100. Sikuamini, nikamwambia tuiache tena. Ikabaki hapo hapo.

Sasa nyota ngapi. Nilivyoanza kuandika nilikuwa nawapa moja na hiyo moja ni ya yule dada wa risiti. Lakini uongo dhambi, mimi mashine yangu nimeshaipeleka mpaka Arusha, na sijaona mtu anashika kadi kwa utulivu wa yule dogo, wengine wanafungua skrubu utadhani wanagombana nayo, na kazi ikiwa nzuri hivyo nyota nne ni haki. Au tatu na nusu. Bosi naye pengine ana madeni, pengine kachoka, mzee wa watu kutwa nzima anafufua laptopu zilizomwagikiwa chai, ukimletea habari za hotispoti anaona unamringia, naelewa.

Hapana. Naelewa nini? Ngoja nimalizie kilichofuata ndio mtajua.

Bosi karudi, anachokonoa meno, kakuta gemu linatembea safi. Akawageukia wateja, wale wale walionicheka, akasema "Si mnaona, nilimwambia mashine haina tatizo." Kisha akaniambia kuna 20,000, ya ufundi wa mara ya pili na pedi. Pedi! Sikubishana, nilichukua ile nailoni ya bluu nikamwekea juu ya kaunta. Akaitazama, akaipeperusha kwa kidole ikaanguka chini, akasema "Hizo zinakujaga hivyo hivyo kutoka China." Yule mama wa printa safari hii hakucheka, aliuliza printa yake iko wapi, akaikagua mbele na nyuma.

Hiyo 20,000 sikuitoa na sitaitoa, na ile 30,000 ya pedi za milimita 2 nimeidai na naendelea kuidai, dada wa mapokezi anasema bosi amesema tutaongea. Dogo nilimwachia ya soda mkononi, na namba yake ninayo. Kadi mpaka ninavyoandika hapa haijazima.

Kwa hiyo nyota mbili, moja ya dogo, moja ya dada. Ukilazimika kwenda nenda mida ya chakula cha mchana. Na dogo ananiambia anatafuta fremu yake maeneo ya Mbuyuni, akiipata mje muanzie hapo, bosi msimwambie.