SPSS ya kulipia au jamovi ya bure? Tazama kwanza kabla hujatoa dola zako

Jambo yenu wote, karibuni tena. Tuko Lubumbashi, umeme upo sasa hivi, kwa hiyo yale mnayoyajua nayapita mbio, nikae pale penye uzito.

Tangu uanze msimu wa TFC, zile kazi za kumaliza masomo ya chuo, swali lenu kuhusu programu za takwimu ni moja: "Yaya, nilipie SPSS ama nichukue ya bure?" Leo najibu, tena nikiwa na hasira, kwa sababu ya zile flashi zinazouzwa kwenye vibanda vya fotokopi karibu na vyuo. SPSS ya kraki, yaani ya wizi, iliyovunjwa leseni. Mwanafunzi anatoa franka zake, anapewa flashi, halafu anaambiwa: kwanza zima antivirusi. Jamani! Mtu anayekuambia uzime antivirusi ili programu yake iingie ni sawa na anayekuomba ulale mlango wazi. TFC yako iko humo, nywila zako ziko humo. Usikubali, hata akikupunguzia bei.

SPSS yenyewe sina ugomvi nayo. Ipo tangu 1968, IBM waliinunua 2009, na maprofesa wetu wengi wamekulia humo. Tatizo ni bei. Usajili umekuwa ukianzia karibu dola 99 kwa mwezi, na moduli za nyongeza unazilipia kando. Hapo bado hujatafuta kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, wakati mfukoni una M-Pesa na Airtel Money tu. Na TFC haiishi mwezi mmoja, mnajua wenyewe masahihisho yanavyorudi.

Sasa tazameni skrini. Hii ni jamovi. Ni ya bure, ya leseni huria, na chini yake kuna R, lugha ya kompyuta ya takwimu, inayopiga hesabu zote. Unatumia mega mara moja kuipakua, basi, baada ya hapo inafanya kazi bila intaneti. Mambo ya kuisakinisha naruka, ni kubonyeza tu mpaka mwisho.

Nimeandika bei za unga wa mahindi, gunia la kilo 25, mistari 10. Ni namba za mfano, msiende nazo sokoni! Zinaanzia franka 42,000 mpaka 48,000. Naingia Exploration, halafu Descriptives, naisogeza "bei" upande wa kulia. Mmeona? Sijabonyeza OK, maana haipo. Jedwali limejitokeza lenyewe: wastani 45,000, mediani, yaani bei ya katikati ukizipanga, 45,000.

Sasa shikeni macho hapa kwenye wastani. Narudi kwenye data, mstari wa tano, 45,000. Naongeza sifuri moja, kama anavyofanya mtu aliyechoka akiingiza fomu usiku. 450,000. Enter. Tazameni kulia! Wastani umeruka mpaka 85,500. Mediani imesogea kidogo tu, 45,500. Sijaomba chochote, jedwali limejirekebisha lenyewe mbele yangu. Natoa ile sifuri… wastani umerudi 45,000.

Hiki kitu nakipenda sana, nitawaeleza kwa nini. Kwenye SPSS matokeo yanakaa kwenye dirisha lake. Ukisahihisha data, jedwali la zamani linabaki vilevile na namba zake za zamani, mpaka uamuru hesabu upya. Mwanafunzi anasahihisha data Jumatatu, Ijumaa anakopi jedwali la wiki iliyopita, na siku ya kutetea kazi sura ya tatu haikubaliani na ya nne. Kwenye jamovi, data, hesabu na majedwali vinakaa kwenye faili moja. Nabonyeza jedwali hili, oneni, machaguo yote niliyoweka yanafunguka tena. Profesa akiuliza "ulilinganisha wastani kwa jaribio gani, la Student ama la Welch?", unabonyeza, unamwonyesha. Tiki hii hapa.

Kuna JASP pia, programu ya bure ya watu wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, inafanana sana na jamovi, na kwa takwimu za Bayes ndiyo naipendekeza. PSPP ni kwa aliyezoea sura ya SPSS na hataki kubadilika. Excel? Ya kupanga data, sawa. Lakini mkumbuke Uingereza 2020: karibu visa 16,000 vya korona vilibaki nje ya hesabu, maana walitumia faili la xls la zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ikaachwa.

Ndugu aliyeniandikia kuuliza achambue data za EDS kwa programu gani, wewe nakujibu tofauti. Data za ule uchunguzi wa kitaifa wa afya zinakuja kwa muundo wa Stata, programu nyingine ya kulipia, na wa SPSS, na jamovi inafungua yote mawili, .dta na .sav. Kuifungua, ndiyo. Kuichambua vizuri, hapana. Sampuli ile imechukuliwa kwa klasta, yaani makundi ya kaya za eneo moja, na kila jibu lina uzito wake kwenye hesabu, na jamovi peke yake haishughulikii klasta hizo. Ukilazimisha, utadai uhakika ambao data haina. Hapo Stata ina raha, lazima niseme: unaandika svyset, amri ya kuieleza sampuli, mara moja, amri zako zote zinabaki kwenye faili lake, do-file, na wanauza hata leseni isiyoisha muda. Kama shirika au kampuni ya madini imekuajiri na inatumia Stata, mwache mwajiri alipe, wewe jifunze.

Usipokuwa na mwajiri, kuna R na kifurushi chake cha survey, bure. R inatisha kwa sababu ya kuandika amri, lakini jamovi inakuvusha. Hapa juu kulia, nukta tatu, Syntax mode. Hii mistari iliyotokea, jmv::descriptives, ndiyo R yenyewe. Ikopi, ibandike kwenye R yenye kifurushi cha jmv.

Halafu kitu kinachotutesa sisi hasa: Excel zetu ni za Kifaransa. Tunaandika 12,5 kwa mkato, na CSV inatenganisha safu kwa nukta-mkato. Ukisoma faili hilo kwenye R kwa read.csv, safu zinavurugika. Andika read.csv2. Hiyo 2 tu, kila kitu kinakaa mahali pake.

Kwa hiyo kwa TFC ya dodoso la watu mia mbili, jamovi, bila kusita. Ya EDS, R. SPSS ilipie pale tu chuo chako kimeidai kwa maandishi, na kabla ya kulipa uliza kama chuo kina leseni.

Habari za chaneli: video za Jumatano zinahamia Jumamosi, kwa sababu ya umeme wa mtaa wetu. Jumamosi hii tunaingia R na sampuli za klasta. Faili la unga nimeliweka chini ya video, ni dogo, halitakula mega zenu. Lifungueni, ongezeni ile sifuri wenyewe, mniandikie mashini yenu ina RAM kiasi gani na imechukua muda gani kufunguka, maana wenye RAM ya GB 4 wananiuliza kila siku, na nataka kuwajibu kwa mashini za hapa kwetu.