Watu 21 wa Lombard: tamthilia ya BBC ya And Then There Were None

Kitabu chenyewe kiliingia nyumbani kwetu kabla sijazaliwa. Baba alikuwa karani Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, na mzungu mmoja alipofunga mizigo kurudi kwao aliuza vitu vyake barazani: pasi, sahani, redio, na sanduku la vitabu. Baba akabeba sanduku. Ndani yake kulikuwa na riwaya hii ya Agatha Christie, toleo la Uingereza, lenye lile jina la kwanza ambalo ni tusi kwa watu weusi na mimi siliandiki hapa. Wamarekani walilikataa jina hilo tangu 1940, Waingereza wakaendelea nalo hadi miaka ya 1980. Baba hakukitupa. Alikivisha jalada la kaki kama daftari la shule, akaandika juu yake kwa wino KISIWA, na sisi watoto tukakijua hivyo, kitabu cha Kisiwa.

Nimekisoma mara nne au tano. Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu alipokuja likizo na tamthilia hii kwenye kompyuta yake, akaniambia, "Shangazi, hiki si kile kitabu chako cha kaki?", nilivuta kiti kama hakimu anayesubiri mshtakiwa aletwe.

Ina sehemu tatu, kila moja kama saa nzima. BBC waliionyesha siku tatu mfululizo, tarehe 26 hadi 28 Desemba 2015, mwaka ambao Christie angetimiza miaka 125. Mwandishi wa tamthilia ni Sarah Phelps, mwongozaji Craig Viveiros. Ni Kiingereza mwanzo mwisho, tena cha watu wanaomung'unya maneno, kwa hiyo washa maandishi ya chini na usione haya. Jingine: itazame usiku, taa zimezimwa. Picha ni za giza mno. Sisi tulianza saa kumi jioni, na kwa nusu saa nzima nilichokiona vizuri ni uso wangu mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta.

Kwa asiyeijua hadithi: ni Agosti 1939, vita viko mlangoni. Watu wanane wasiojuana wanaalikwa kwenye nyumba kubwa kisiwani, pwani ya Devon, na huko wanawakuta mume na mke waliokodiwa kuwa watumishi. Wenyeji wao hawaonekani. Baada ya chakula cha usiku santuri inapigwa, na sauti kwenye santuri inawataja mmoja mmoja: fulani, ulimuua fulani. Jaji, daktari, jenerali, inspekta, bibi mcha Mungu, hakuna anayerukwa. Kisha wanaanza kufa, kila mmoja kwa namna inayofuata wimbo wa watoto uliotundikwa kwenye nyumba hiyo, na kila anapokufa mtu, kinyago kimoja kati ya kumi kilichopo mezani kinatoweka. Mashua haiji. Hakuna Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Kiswahili, wa kutia mguu na kiko chake akatuambia nani kafanya nini. Hapo ndipo utamu wa riwaya hii ulipo: waliobaki ndio wapelelezi, na muuaji ni mmoja wao.

Waigizaji sina neno nao. Charles Dance ndiye Jaji Wargrave, na mpwa wangu alipomwona tu akapiga kelele "Tywin!" kwa sababu ya ile tamthilia ya mazimwi, Game of Thrones. Mzee huyu hapandishi sauti hata mara moja. Anakaa, anatazama, na ukimya wake unatosha kumfanya mtu aungame. Sam Neill, ambaye watu wa rika langu tunamjua kwa kukimbizwa na dinosaria, ni Jenerali MacArthur, mzee aliyechoka hata kujitetea. Lakini aliyeibeba tamthilia begani ni Maeve Dermody, anayeigiza Vera, mwalimu wa watoto aliyeshtakiwa kwa kifo cha mtoto Cyril, aliyezama baharini akiwa chini ya uangalizi wake. Kitabuni kisa cha Cyril kinamjia Vera vipande vipande, sentensi hapa, sentensi pale. Kwenye tamthilia bahari inaingia kila mahali. Vera akifunga macho, ni maji. Akishuka ngazi, Cyril yuko ufukweni. Mpaka sehemu ya tatu unajua alichofanya bila kuambiwa, na bado unamhurumia, jambo ambalo lilinikera.

Kuna kitu katika sehemu ya tatu ambacho mashabiki wa kitabu watakichukia, na mimi nilikichukia kwa dakika kama tano. Wamebaki wanne, na badala ya kujifungia vyumbani wanalewa, wanavuta kokeini aliyoiacha marehemu mmoja, wanafungulia muziki na kucheza. Kitabuni hakuna kitu hicho. Nikasema, haya, wameharibu. Kisha nikakumbuka matanga ya kwetu, usiku wa pili, vijana na karata zao nje, mtu anatoa kichekesho na watu wanacheka mpaka wanalia, ndani marehemu hata hajazikwa. Mwili ukizidiwa na hofu hutafuta pa kutokea. Nikanyamaza.

Mwisho nao umenifurahisha. Christie mwenyewe alipoigeuza riwaya kuwa mchezo wa jukwaani mwaka 1943, aliogopa giza lake, akaacha watu wawili wabaki hai wakipendana. Filamu ya René Clair ya 1945 ikafuata mwisho huo mtamu. Phelps amerudi kwenye kitabu: anayetakiwa kufa anakufa. Alichobadilisha ni namna tunavyoujua ukweli. Kitabuni unakuja kwa barua ndani ya chupa iliyookotwa baharini, kurasa nyingi za maelezo. Barua ndefu kwenye televisheni ni usingizi, basi hapa muuaji anaingia chumbani kwa miguu yake, anajieleza kwa mdomo wake, uso kwa uso, wakati mwenzake kitanzi kiko shingoni. Simtaji. Mpwa wangu alirusha mto.

Sasa lawama yangu, na si ndogo.

Kitabuni watu hawa kumi wamechaguliwa kwa sababu moja: sheria haiwezi kuwagusa. Wale watumishi hawakumkaba mwajiri wao mgonjwa, walimnyima dawa tu. Jenerali hakumpiga risasi mpenzi wa mke wake, alimtuma vitani mahali ambapo alijua harudi mtu. Inspekta Blore alitoa ushahidi wa uongo, na mtu yule akafia gerezani. Utampeleka nani mahakamani hapo, na kwa ushahidi gani? Ndiyo maana kisiwa kikahitajika.

Phelps ameona hayo hayatoshi. Kwake mtumishi Rogers anamziba mwajiri wake pumzi kwa mto. Jenerali anamfyatulia kijana risasi kisogoni. Blore anamponda mahabusu kwa miguu ndani ya seli, kwa sababu ni mwanaume anayependa wanaume. Yanatisha kuyatazama, na hilo la Blore linasema jambo la kweli kuhusu polisi wa wakati ule. Lakini ukimpiga mtu risasi kisogoni, hiyo ni kesi ya mauaji kama nyingine yoyote. Ile sumu ya kitabu, mtu aliyeua kwa kutofanya kitu, kisha akalala usingizi mnono, imepungua nguvu. Televisheni inataka damu tuione. Christie alijua kuua kwa mikono mikavu kunatisha zaidi.

Hili linanifikisha kwa Philip Lombard, na kwa penseli ya baba.

Lombard ni mamluki. Santuri inamshtaki kwa vifo vya watu 21 wa kabila la Afrika Mashariki. Kitabuni ni Februari 1932. Ndiyo, sisi. Kitabuni anakiri papo hapo, anatabasamu: walipotea porini, yeye na wenzake wawili watatu wakachukua chakula chote wakawaacha wengine. Kisha anaongeza kwamba wenyeji hawajali kufa, hawakioni kifo kama Wazungu wanavyokiona. Hapo baba alipiga mstari kwa penseli, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Mbele kidogo Vera anasema wale walikuwa wenyeji tu, na yule bibi mcha Mungu, mwenye roho mbaya kuliko wote, ndiye anayemkaripia kwamba weusi au weupe ni ndugu zetu. Hapo baba aliweka alama ya mshangao. Na pembeni ya shtaka lenyewe aliandika maneno mawili: "Kabila gani?"

Kwenye tamthilia njaa ya porini imeondoka, imekuja almasi. Lombard anakiri bila kupepesa macho kwamba watu wale waliuawa kwa ajili ya almasi. Sisi wa Shinyanga tukisikia almasi masikio yanasimama, lakini yule mwanajiolojia Williamson aliigundua Mwadui mwaka 1940, mwaka mmoja baada ya Lombard kwenda kisiwani, kwa hiyo huyu labda alipita kwingine. Sikatai kwamba almasi inaeleweka kirahisi zaidi. Lakini mwizi mwenye bunduki tunamjua, tumeshamwona kwenye filamu mia. Mtu anayegawa chakula, akaamua nani ni mtu na nani si mtu, huyo hatumwoni sana, na ndiye aliyemtoboza baba karatasi.

Halafu wamempa nafasi hiyo Aidan Turner. Kuna mahali anatembea na taulo kiunoni, na mpwa wangu, binti wa chuo kikuu, akashusha pumzi ndefu. Nikamwambia, "Ishirini na moja, mwanangu." Akasema, "Najua shangazi, lakini mtazame." Nilimtazama. Ndiyo tabu yenyewe.

Kwa sababu Cyril tunamwona, ana nywele, ana sauti. Mahabusu wa Blore tunamwona. Binti aliyefukuzwa kazi na yule bibi tunamjua jina, Beatrice Taylor. Mtu aliyenyongwa kwa hukumu ya jaji anaitwa Edward Seton. Wa Lombard hawana hata jina moja kati yao wote. Mwaka 1939 sishangai. Mwaka 2015, kwa mwandishi aliyethubutu kubadilisha vifo vitatu vizima, sentensi moja isingemshinda.

Ningeipa nane kwa kumi, na ningeitazama tena kesho kwa ajili ya Dance na Dermody peke yao. Wewe uliyesoma kitabu, itazame. Usiyesoma, anza na tamthilia, kwa sababu ukianza na kitabu mshtuko wa mwisho utakuwa umeshauwahi.

Usiku ule wa tatu nilimletea mpwa wangu kitabu cha kaki, nikamfungulia ukurasa wenye penseli ya babu yake. Alisoma maneno yale mawili. Kisha akairudisha tamthilia nyuma hadi kwenye santuri, akainama karibu na spika, akasikiliza. Akairudisha tena.

"Hawakusema, shangazi."