TAHADHARI: Nanga ya dhahabu ya uongo, na huyu bwana bado anapiga mnada

Ni yule yule mpiga mnada wa mtandaoni wa Uingereza. Mliokuwapo wakati wa kisa cha bakuli la buluu mnamjua bila kutajiwa jina, na safari hii asije mtu kumtetea kwamba huenda alikosea. Mtu hakosei katika loti tatu (mizigo mitatu ya mnada) mfululizo, na makosa yote yakawa yanajaza mfuko wake.

Inayouma zaidi ni loti ya sanamu. Ni jozi ya kaure, mchungaji na mwenzake wa kike, kila mmoja kaegemea kichaka cha maua, kimo sentimita 21. Katalogi yake iliandika: "Chelsea, nanga ya dhahabu, karibu 1760." Anayezijua sanamu hizi anajua uzito wa maneno hayo. Kiwanda cha Chelsea, cha kaure huko London, kilitumia nanga ya dhahabu kama alama yake kuanzia miaka ya 1756 hadi 1769 hivi, na jozi iliyobaki pamoja muda wote huo, kichaka kikiwa hakijavunjika vibaya, haionekani kila wiki.

Na msiniulize kwa nini aliaminiwa. Alipiga picha kumi na mbili, kila upande, mwanga mzuri. Alieleza kwamba mzigo umetoka kwenye nyumba ya marehemu, na chini ya sanamu moja kulikuwa na kikaratasi cha kale chenye namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Zaidi ya yote, taarifa yake ya hali ya mzigo ilikiri wazi: kidole kimoja cha mkono wa kushoto wa yule bibi kimetengenezwa upya, majani mawili ya kichaka yamekatika. Hapo ndipo alipotukamata. Muuzaji anayekutajia kidole kilichoungwa unamwona mwaminifu, na ukishamwona mwaminifu kwenye kidole humchunguzi kwenye kiwanda. Hiyo taarifa hakuiandika kwa ajili ya ukweli. Aliiandika ili macho yote yaende kwenye kidole.

Picha ya alama ilikuwepo pia, na aibu yenyewe iko hapo. Nanga ilijaa skrini nzima, inang'aa, kila mstari unaonekana. Hakukuwa na rula pembeni, wala sarafu, wala ncha ya kidole. Mtu aliyezoea kushika vitu hivi alipaswa kuuliza swali moja tu: ina milimita ngapi? Halikuulizwa.

Bei yetu ya juu kabisa, ambayo angetupigia yeye mnadani, iliachwa kwake usiku wa kuamkia mnada: pauni 900. Mnada ulifunguliwa kwa 400. Halafu ikaanza: 420, 440, 460, kila hatua mtu asiyeonekana anajibu papo hapo, bila kusita, bila kupumua. Ilipofika 850 kikatokea kimya cha sekunde tatu, ikaja 900, nyundo ikagonga. Si 880, si 750. Ni 900 kamili, ile ile aliyokuwa ameiona kwenye karatasi yake. Sasa hesabu inavyonenepa: ada ya mnunuzi, asilimia 24, ni pauni 216, kodi ya VAT juu yake asilimia 20 ni 43.20, mtandao wa mnada unachukua asilimia 3 na kodi yake, 32.40, kufungasha na kutuma 45. Jumla pauni 1,236.60. Zilipelekwa benki siku hiyo hiyo kwa sababu alisema kadi ingeongezewa asilimia 3.

Sanduku lilipofunguliwa jambo lilikuwa limekwisha ndani ya dakika tano. Nanga: milimita 11. Nanga halisi ya Chelsea ni kitu kidogo sana, kwa kawaida haizidi milimita 6, na kwenye sanamu huwekwa nyuma, chini karibu na kitako, mahali pa kuitafuta. Hii ilikuwa imesimama katikati ya mgongo kama nembo ya jeshi.

Halafu kaure yenyewe. Chelsea ni kaure laini, aina inayochomwa kwa joto dogo kuliko kaure ngumu. Glazi yake, yaani ngozi ya kioo inayoifunika, ina risasi, ni nene, inajikusanya kwenye mikunjo ya nguo, na rangi za enameli zinazama ndani yake kidogo zinapochomwa. Ukipitisha ncha ya kidole kwenye ua la gauni hutahisi ukingo. Hapa kila ua lilihisiwa. Rangi zilikuwa zimekaa juu, kavu, kwa sababu glazi ya kaure ngumu haizimezi. Mahali jani lilipokatika, kaure laini huonekana kama sukari au chaki iliyobanwa. Hapa mkato ulikuwa mweupe, usio na punje, unameta kama kioo. Glazi nzima ilikuwa na ubaridi wa kijivu-samawati.

Kwa lugha nyepesi, hii ni kazi ya Paris, ya aina ya Samson. Kampuni ile ilianzishwa 1845 na ilinakili karibu kila kitu: Meissen ya Ujerumani, Sèvres ya Ufaransa, Chelsea, kaure za Kichina. Kunakili si kosa, na wapo wanaozikusanya nakala hizo kwa jina lake, kwa bei yake. Nyingi ziliwekewa alama ya Samson yenyewe. Na hapo ndipo hasira yangu inapopanda, kwa sababu chini ya mchungaji kuna doa la ukubwa wa ukucha ambapo glazi imesagwa. Ukiinamisha sanamu dirishani unaliona: sehemu nzima inang'aa, pale pamekufa. Kikaratasi cha "marehemu" kilibandikwa juu ya doa hilo. Ukingo wake ni kahawia sawasawa pande zote nne, kitu ambacho uzee haufanyi. Uzee unachafua pale mkono uliposhika na pale unyevu ulipopita. Chai ndiyo inayochafua kwa usawa namna ile.

Kwa hiyo mtu alikaa chini, akasaga alama ya kweli, akaficha jeraha kwa karatasi aliyoichovya. Iwe ni yeye au aliyemuuzia, aliyepiga picha kumi na mbili hakukosa kuliona doa.

Jibu lake nalihifadhi neno kwa neno: "Nimeeleza alama, sikueleza kiwanda." Yaani neno Chelsea pale mbele lilikuwa pambo! Masharti yake yanasema bandia ya makusudi hurudishwa ndani ya siku 14. Anahesabu kuanzia siku nyundo ilipogonga. Mzigo aliutuma siku ya 12. Ulifika siku ya 15.

Loti ya pili ilikuwa picha ndogo ya uso wa mwanamke wa enzi za George wa Tatu, zile zinazoenea kiganjani, "juu ya pembe ya ndovu, imetiwa saini Cosway". Richard Cosway, mchoraji wa Kiingereza wa picha hizo, alifariki 1821, na kazi zake za miaka ya baadaye aliziandika nyuma, kwa Kilatini kirefu kinachotaja cheo chake kwa Mwanamfalme wa Wales. Jina "Cosway" likikaa mbele, wazi, karibu na bega, ni la kulitilia shaka mara moja. Kioo cha kukuzia mara 10 kilimaliza ubishi: uso ni nukta nukta za kuchapwa, na juu yake mtu amepitisha brashi nyeupe kwenye lesi na kwenye mboni ili ionekane imechorwa. Fremu nayo ni vile vibao vya pembe vya kwenye piano, vimekatwa na kuungwa, viungio vinaonekana kila baada ya sentimita chache. Fremu za aina hiyo ni za mapambo ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, na ndani yake utakuta malkia yuleyule, Josephine wa Napoleon yuleyule, wenye saini za kubuni.

Na kuna la sheria. Tangu 6 Juni 2022 huwezi kuuza pembe ya ndovu Uingereza kiholela. Picha ndogo za uso zinaruhusiwa kama zilitengenezwa kabla ya 1918 na eneo lake halizidi sentimita za mraba 320, lakini lazima ziandikishwe kwanza. Aliulizwa namba ya uandikishaji. Hakuitoa. Kwa hiyo ama anauza pembe kinyume cha sheria, ama anajua fika kwamba picha haiko juu ya pembe. Achague mwenyewe jela ya mlango upi.

Loti ya tatu ni kikombe cha kumbukumbu ya kutawazwa kwa Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza, 12 Mei 1937. Aliandika "adimu mno, mfalme hakutawazwa, vikombe vilirudishwa viwandani na kuvunjwa." Uongo mtupu, na ni uongo wa zamani. Edward aliachia kiti Desemba 1936, viwanda vikiwa vimeshazalisha shehena kwa shehena na maduka yameshauza. Viko kila mahali. Ndugu yake, George wa Sita, alitawazwa tarehe ile ile, kwa hiyo tarehe peke yake haimaanishi chochote. Mchezo huohuo anaucheza na vyombo vya Edward wa Saba vyenye 26 Juni 1902. Mfalme aliugua, sherehe ikasogezwa hadi 9 Agosti, na karibu vyombo vyote vilikuwa vimeshachapwa tarehe ya Juni. Huyu anaiita "kosa la kiwanda, moja kati ya chache". Kama kuna cha kutafutwa ni chenye Agosti.

Sasa mtu huyu anastahili nini? Fraud Act ya 2006, sheria ya udanganyifu ya Uingereza, inatoa hadi miaka 10 gerezani kwa udanganyifu, na mimi siombi upungufu hata wa siku moja. Kuhusu yule mnunuzi asiyeonekana: Sale of Goods Act ya 1979 (sheria ya uuzaji wa bidhaa), kifungu cha 57, kinamkataza muuzaji kujipandishia bei kwenye mnada wake asipotangaza kwamba ana haki hiyo, na mnunuzi anaruhusiwa kuuhesabu uuzaji huo kuwa wa ulaghai. Hakutangaza popote. Malalamiko yameshapelekwa Trading Standards, ofisi inayolinda wanunuzi. Mwenye loti yake na yake ayapeleke pia, na picha, na barua pepe, na hasa rekodi ya bei ulizoacha. Kama bei yako ya juu imeguswa kamili zaidi ya mara moja kwa huyu bwana, huo ni ushahidi, usiufute. Avuliwe nyundo, atangazwe, alipe kila mtu mpaka senti ya kufungashia. Watu wanaweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya jozi moja.

Mengine ya kuangalia, kwa haraka maana mikono inatetemeka. Alama bila kipimo pembeni: omba picha nyingine yenye rula, asipotoa, ondoka. Kikaratasi chini ya kitako: omba picha kikiwa kimeinuliwa ukingo. Sehemu zilizotengenezwa zimulike kwa taa ile ya kukagulia noti, rangi ya kupuliza hung'aa tofauti na glazi. Au gonga taratibu kwenye jino, kaure inalia kali na ni baridi, plastiki inanyamaza. "Kwa namna ya", "inabeba saini" kwenye katalogi si "ya" wala "imesainiwa", na yeye huyaweka mstari wa mwisho kwa herufi ndogo. Na ile asilimia 3 ya kadi: Uingereza imepiga marufuku kumtoza mnunuzi wa kawaida nyongeza ya kadi tangu 13 Januari 2018. Anaitaja ili ulipe kwa benki. Ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi 30,000, na yeye ndiye muuzaji, kampuni ya kadi inabeba dhamana pamoja naye. Hilo ndilo analolikimbia.

Amebadilisha jina la akaunti wiki hii. Kitambaa cha kijani chini ya mizigo ni kilekile, chenye doa la nta kona ya kulia.

Mnada wake ni Jumapili. Loti anayoitangaza juu kabisa ni kikombe "cha kutawazwa kwa Victoria, 28 Juni 1838". Jina la nchi lilianza kuwekwa sana chini ya vyombo kwa sababu ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iliyodai kuanzia 1891 kila chombo kinachoingia kitaje kilikotoka. Picha ya kitako ameikata nusu. Ikuze: kwenye ukingo wa chini zimebaki herufi sita, NGLAND.