TP-Link Archer T3U Plus ndani ya kuta za mawe za Lamu
Nyumba kongwe za Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na ukuta mmoja tu hutosha kuidhoofisha vibaya waifai ya 5 GHz. TP-Link Archer T3U Plus, adapta ya USB ya kunasa waifai yenye antena ya 5 dBi (kipimo cha uwezo wa antena kunasa mawimbi), huifaa sana laptopu ya chumba cha ndani. Ila usiichomeke moja kwa moja kwenye tundu la USB 3.0, maana tundu hilo hutoa kelele za redio zinazovuruga waifai ya 2.4 GHz, ambayo hupenya kuta vizuri kuliko ya 5 GHz. Tumia waya wa nyongeza wa mita 1, uisogeze mlangoni. Kwenye ruta, kwa 2.4 GHz, chagua chaneli 1, 6 au 11. Mtandao ukizidi kukatika, huenda Windows inaizima adapta ili kuokoa umeme. Ondoa ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya kifaa. Kwa ghorofa mbili, bora ruta ya pili iliyovutiwa waya.